Amelipwa mara tatu, na logi zinasema kila kitu kiko sawa: kisa cha muda wa maficho kwenye foleni ya SQS

Mwisho wa mwezi mmoja, kampuni inayonunua maziwa kwa wafugaji wadogo ilituma malipo kwa simu kama kawaida yake. Kufika alasiri, mhasibu alikuwa ameshapigiwa na karani wa kituo: kuna mama amepokea fedha ya mwezi mara mbili, na jirani yake mara tatu. Mhasibu akamwandikia kijana wa mifumo: “Mdogo wangu, leo mnagawa bonasi bila kuniambia?” Kijana akajibu, “Dada, mimi mwenyewe bado sijalipwa,” kisha akafungua logi, yaani rekodi za kila kitu ambacho programu zimefanya, na utani ukaishia hapo.

Logi zilikuwa safi. Hakuna kosa, hakuna onyo, hakuna programu iliyoanguka. Kila malipo yalionyesha yametumwa mara moja na ujumbe wake ukafutwa. Ila ukizipanga logi za programu zote pamoja kwa saa na dakika, ukamtafuta yule mama, unamkuta kwenye programu mbili tofauti ndani ya sekunde chache, na zote mbili zinasema zimemlipa na kufuta.

Jina la kampuni halihusiki, na tarakimu za kasi nimezisawazisha ili msomaji afuate hesabu kirahisi. Mipangilio ya huduma yenyewe ni kama ilivyo.

Jinsi mfumo ulivyopangwa

Ofisi ikishaidhinisha orodha ya malipo, kila mfugaji anaandikiwa ujumbe mmoja wenye namba yake, kiasi na mwezi. Jumbe zinaingia kwenye foleni ya Amazon SQS, huduma ya wingu inayotunza jumbe mpaka programu izichukue. Upande wa pili kuna programu nane zinazofanana, ambazo kuanzia hapa nitaziita vibarua. Kibarua anachukua jumbe, anamwagiza mtoa huduma za malipo amrushie mfugaji fedha kwenye simu, anapata jibu, anafuta ujumbe, anaendelea na unaofuata. Kila kibarua alichukua jumbe kumi kwa mkupuo, kwa sababu kumi ndicho kiwango cha juu kwa ombi moja, na SQS inatoza kwa idadi ya maombi. Mpangilio wa muda haukuguswa na mtu. Ulibaki ule unaokuja na foleni mpya: sekunde 30.

SQS ni miongoni mwa huduma za zamani kabisa za Amazon kwenye wingu, ilianza kutumika rasmi mwaka 2006, na kanuni yake ya msingi haijabadilika tangu hapo. Kibarua akichukua ujumbe, SQS haiuondoi kwenye foleni. Inauficha. Ujumbe unabaki pale pale, ila vibarua wengine hawauoni mpaka muda uliowekwa uishe. Kwenye mipangilio muda huo umeandikwa VisibilityTimeout; hapa nitauita muda wa maficho. Kibarua akituma amri ya kufuta kabla ya muda kuisha, ujumbe unaondoka kweli. Asipotuma, SQS inahesabu kwamba amekufa, inaufunua ujumbe, na kibarua mwingine anauokota. Haina namna ya kumuuliza kibarua amefika wapi. Inaangalia saa tu.

Muda huo unaweza kuwekwa kuanzia sekunde 0 hadi saa 12. Kwa hiyo sekunde 30 ni dhana, iliyowekwa na watu wasioijua kazi yako, kuhusu muda ambao kibarua aliye hai anahitaji. Siku za kawaida dhana hiyo ilitosha. Mtoa huduma alijibu ndani ya sekunde 2 hivi, jumbe kumi zikachukua sekunde 20, zikabaki sekunde 10 za kupumua. Kwenye mazingira ya majaribio jibu lilikuja papo hapo, ndiyo maana hakuna jaribio lililowahi kuonyesha tatizo.

Mwisho wa mwezi ni habari nyingine. Kila mwajiri analipa siku hiyo hiyo, mtoa huduma anaelemewa, na jibu lililokuwa likichukua sekunde 2 sasa linachukua 7.

Fungu moja, sekunde kwa sekunde

Jambo ambalo wengi hulisoma kwenye maelezo ya huduma na kulipita ni hili: saa ya maficho inaanza kuhesabu kwa jumbe zote kumi pale zinapochukuliwa. Ujumbe wa kumi unatumia muda wake ukiwa umekaa tu, ukisubiri wenzake tisa wamalizwe.

Tuanze sekunde ya 0. Kibarua wa kwanza amechukua jumbe kumi. Wa kwanza unaisha sekunde ya 7, wa pili ya 14, wa tatu ya 21, wa nne ya 28. Hawa wanne wamelipwa na jumbe zao zimefutwa kwa wakati. Sekunde ya 28 anaanza wa tano. Sekunde ya 30, maficho yanaisha. Ujumbe wa tano hadi wa kumi unaonekana tena, na kibarua wa pili, ambaye amekaa hana kazi, anachukua yote sita.

Sekunde ya 35 kibarua wa kwanza anamaliza kumlipa mfugaji wa tano. Sekunde ya 37 kibarua wa pili naye anamaliza kumlipa huyo huyo. Wanaendelea hivyo, wakifuatana nyuma kwa sekunde mbili, wa sita, wa saba, wa nane. Kibarua wa pili anammaliza wa nane sekunde ya 58 na kuanza wa tisa. Sekunde ya 60, maficho yake naye yanaisha, kwa hiyo wa tisa na wa kumi wanafunuliwa tena na kuangukia kwa kibarua wa tatu, anayewalipa sekunde ya 67 na ya 74.

Jumlisha. Wafugaji wanne wamelipwa mara moja, wanne mara mbili, wawili mara tatu. Watu kumi, malipo 18. Na hakuna programu hata moja iliyofanya kinyume na ilivyoandikwa.

Je, kibarua wa kwanza alipofuta ujumbe wa tano sekunde ya 35, kwa nini haukufutika? Kila ujumbe unapochukuliwa, SQS inatoa risiti mpya, na amri ya kufuta inakwenda na risiti. Kibarua wa kwanza alikuwa na risiti ya zamani. Kwenye foleni za kawaida za SQS, ukifuta kwa risiti iliyopitwa, ombi linakubaliwa na jibu linarudi kwamba limefanikiwa, lakini ujumbe wenyewe huenda usifutwe. Ndiyo maana logi zilikuwa safi. Mimi hili naliona ndilo lililoponza siku hiyo kuliko hata sekunde 30 zenyewe, kwa sababu mfumo unaoharibika kwa kelele unarekebishwa asubuhi hiyo hiyo, na huu uliharibika huku ukisema “sawa”.

Foleni ya pembeni, na kitufe kilichobonyezwa jioni

Ilikuwepo kinga nyingine. Ujumbe ukichukuliwa mara tatu bila kufutwa, safari ya nne hauendi kwa kibarua. Unapelekwa kwenye foleni ya pembeni, ile ya jumbe zilizoshindikana. Kampuni nyingi huweka hivyo, na ni vizuri.

Baadaye mchana mtoa huduma alizidi kuelemewa, kila jibu likawa linachukua sekunde 12. Rudia hesabu ile ile kwa 12 na utaona: kibarua wa kwanza anamaliza wawili tu kabla ya maficho kuisha, wa pili anawahi wawili wengine, wa tatu wawili, na sekunde ya 90 jumbe nne za mwisho zimeshachukuliwa mara tatu. Zikahamia foleni ya pembeni. Wakati huo huo kibarua wa kwanza, ambaye hakufa wala hakusimama, alikuwa akiendelea kuwalipa wale wanne mmoja baada ya mwingine.

Jioni mtu wa zamu akafungua foleni ya pembeni, akakuta jumbe kadhaa. Akaona hawa ndio wafugaji waliokosa malipo. Kwenye ukurasa wa SQS kuna kitufe cha kurudisha jumbe kwenye foleni yake ya asili, akakibonyeza, kwa nia njema kabisa. Mtoa huduma wakati huo alishatulia, sekunde 2 kila jibu, na wote wakalipwa upya bila kikwazo.

Kuwepo kwenye foleni ya pembeni kulikuwa na maana moja tu: hizi jumbe zimechukuliwa mara nyingi bila kufutwa ipasavyo. Kama kazi ilifanyika au haikufanyika, foleni haijui.

Tiba ya kwanza, iliyozaa ugonjwa wa pili

Kikao cha kesho yake kilikuwa kifupi. Muda ni mdogo, basi uongezwe. Ukaongezwa mpaka mwisho: saa 12.

Mwezi uliofuata hakuna aliyelipwa mara mbili. Ila saa sita mchana, malipo yakiendelea, timu nyingine ikapandisha toleo jipya la mfumo. Vibarua wanane wakazimwa na wanane wapya wakawashwa. Kila aliyezimwa alikuwa na jumbe mkononi, na jumbe hizo sasa zilikuwa zimefichwa hadi saa sita usiku.

Ukiangalia foleni, namba ya jumbe zinazosubiri ilisoma 0. Mtu wa haraka angesema kazi imekwisha. Namba ya kuangalia ilikuwa ile ya jirani yake, ya jumbe zilizochukuliwa na bado hazijafutwa, na hiyo iligoma kushuka. Wafugaji kadhaa wakapiga simu kuuliza mbona wenzao wameshapata.

Wakajaribu kupunguza muda kwenye mipangilio ya foleni. Haikusaidia, maana jumbe zilizokwisha kuchukuliwa zinakwenda na muda zilioanza nao. Ipo amri ya kubadilisha maficho ya ujumbe mmoja mmoja, ChangeMessageVisibility, na ukiipa sifuri ujumbe unafunuliwa mara moja. Lakini nayo inadai risiti, na risiti zilikuwa kwenye kumbukumbu ya programu zilizozimwa. Kwa hiyo ikabidi wasubiri usiku.

Kutokana na miezi hiyo miwili ndipo swali likapata sura yake sahihi. Muda wa maficho si kufuli. Hauzuii kazi kufanyika mara mbili, na maelezo ya SQS yenyewe yanasema wazi kwamba foleni ya kawaida inaahidi kufikisha kila ujumbe angalau mara moja, maana yake hata mipangilio ikiwa mizuri kiasi gani, siku moja ujumbe utakuja mara mbili. Kazi ya muda huu ni moja: kibarua akifa na ujumbe mkononi, mwenye malipo asubiri kiasi gani kabla mwingine hajauchukua? Ukiuliza hivyo, saa 12 inaonekana ilivyo, na sekunde 30 kwa jumbe kumi inaonekana ilivyo. Suala la kulipa mara mbili linatatuliwa mahali pengine kabisa.

Mahali penyewe

Kwenye kila ombi la malipo, kibarua alimpa mtoa huduma namba ya kumbukumbu, na mtoa huduma alikuwa na utaratibu wa kukataa ombi lenye kumbukumbu iliyokwisha kutumika. Kinga ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba kibarua alitunga kumbukumbu mpya ya kubahatisha kila alipotuma ombi, hivyo mama yule yule, mwezi ule ule, kiasi kile kile, alifika kwa mtoa huduma kama mtu mwingine.

Sasa kumbukumbu inatungwa pale orodha inapoidhinishwa, kutokana na namba ya mfugaji, mwezi na aina ya malipo, na inasafiri ndani ya ujumbe. Kibarua yeyote atakayeushika, mara ngapi hata, atapeleka kumbukumbu ile ile. Upande wa hifadhidata kuna jedwali ambalo kumbukumbu haiwezi kuingia mara mbili. Kibarua anaandika kwanza “inatumwa”, ndipo anapiga kwa mtoa huduma. Akikuta mstari upo tayari na umeandikwa “imelipwa”, anafuta ujumbe na kuendelea. Akikuta “inatumwa”, hatumi fedha. Anamuuliza mtoa huduma hali ya muamala huo kwanza.

Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka. Kukosa jibu si kukataliwa. Ombi linaweza kuwa limefika, fedha imeondoka, na jibu ndilo lililopotea njiani. Anayetuma tena kwa sababu hakujibiwa anacheza bahati nasibu kwa fedha za kampuni.

Sekunde 90 zilivyopatikana

Baada ya hapo kuweka muda kulikuwa hesabu ya kawaida. Kwanza fungu likapunguzwa kutoka jumbe kumi hadi mmoja. Gharama? SQS haitozi maombi milioni moja ya kwanza kila mwezi, na kampuni ina wafugaji elfu chache; ile akiba ya kuchukua kumi kumi haikuwahi kuwa akiba.

Kisha kibarua akawekewa kikomo chake mwenyewe cha kusubiri jibu, sekunde 20. Awali hakuwa nacho. Maktaba ya Python waliyotumia, requests, isipoambiwa kikomo inasubiri bila mwisho, na kibarua anayesubiri bila mwisho atashinda muda wowote wa maficho utakaouweka. Sekunde 20 za kutuma, 20 nyingine za kuuliza hali ikibidi, chache za hifadhidata: 45 kwa siku mbaya. Wakaongeza maradufu, 90. Kibarua akifa, mfugaji anachelewa dakika moja na nusu, na hakuna atakayepiga simu kwa hilo.

Kuna wanaopenda njia nyingine: maficho mafupi, na kibarua anayaongeza kidogo kidogo kwa ChangeMessageVisibility kadiri anavyoendelea na kazi. Kwa kazi zisizotabirika, kama kubadilisha video au kusoma faili kubwa, hiyo ndiyo njia. Kwa malipo ya sekunde chache ni mzigo wa bure, na ina mtego: kama anayeongeza muda ni uzi (sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine) tofauti na unaofanya kazi, kazi inaweza kukwama huku uzi ule ukiendelea kuongeza, hadi kugonga ukomo wa saa 12 tangu ujumbe ulipochukuliwa.

Kuzima vibarua nako kukarekebishwa. Mifumo mingi ya kuendesha makontena (vifurushi ambamo programu huendeshwa), ECS na Kubernetes zikiwemo, hutoa ishara ya kusimama kisha husubiri sekunde 30 kabla ya kuua kwa nguvu, isipokuwa uibadilishe. Kibarua sasa akipata ishara hachukui ujumbe mpya, anamaliza ulio mkononi, na ule asioweza kuumaliza anaufunua mwenyewe kwa kuupa maficho sifuri.

Waliohamia Lambda, huduma ya Amazon inayoiendesha programu yako pale ujumbe unapofika, wana kanuni yao: Amazon inashauri maficho ya foleni yawe angalau mara sita ya kikomo cha muda cha programu, ili Lambda ipate nafasi ya kujaribu tena inapobanwa. Na wasiotumia Amazon kabisa wasidhani kisa hiki hakiwahusu. Huduma nyingine za foleni zina muda kama huu: Google Pub/Sub huanza na sekunde 10 na kuishia 600. Azure Service Bus hushikilia ujumbe kwa dakika 5 zisizozidi. RabbitMQ ya siku hizi husubiri dakika 30 kisha hufunga njia ya kibarua. Namba zinatofautiana, dhana iliyo nyuma yake ni ile ile.

Foleni ya pembeni ilibaki, ikiwa na marekebisho mawili. Idadi ya majaribio ilipanda hadi 5. Muda wa kuhifadhi ujumbe ukawekwa siku 14, ambao ndio wa juu kabisa, badala ya 4 unaokuja nao; kwenye foleni za kawaida umri wa ujumbe unaendelea kuhesabiwa tangu ulipoingia foleni ya kwanza, kwa hiyo ujumbe uliohamia ukiwa na siku tatu ungebakiwa na siku moja tu kabla ya kupotea. King’ora kinalia ukiingia hata ujumbe mmoja, na kingine kinafuatilia umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote kwenye foleni kuu, kipimo ambacho kingewaonyesha ule mwezi wa saa 12 mapema zaidi.

Fedha zilizozidi hazikurudi kirahisi, kwani muamala ukishatolewa kwa wakala hakuna wa kuubatilisha. Kampuni ilikata kidogo kidogo kwenye maziwa ya miezi iliyofuata, kwa makubaliano na kila mfugaji.

Kinachobaki ni miamala ambayo mtoa huduma mwenyewe, ukimuuliza hali, anajibu “inashughulikiwa” kwa saa nzima. Kibarua hawezi kukaa naye. Anaandika “haijulikani” kwenye jedwali, anafuta ujumbe, na kuweka mpya wenye agizo la kuuliza hali tu, uliocheleweshwa dakika 15, ambazo ndizo nyingi kabisa SQS inazoruhusu kuchelewesha. Ikifika asubuhi bado, jina linakwenda kwa mhasibu, naye anampigia mtoa huduma.